Kahawa ya Mama

Jumanne, usiku

Chakula sijakigusa tangu nirudi kutoka kijiji cha Ihembe.

Nilikwenda kumhoji Dokta Koku, mkemia aliyepewa tuzo kwa kubuni njia ya kupima mabaki ya dawa za wadudu kwenye kahawa. Mama yake alitukaribisha kwa akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa kila mgeni.

"Tafuna, mwanangu, au huko mjini mmeng'oka meno?"

Nilitafuna kahawa za kujaa kiganja. Koku alizipokea zake kwa mikono miwili, akashukuru, akazitia mfukoni. Tulipofika migombani nikamuuliza sababu.

"Siku hizi mama anapulizia mibuni dawa ya chupa isiyo na lebo. Nimepima kahawa za watu wengi. Ya mama naogopa."

"Unaogopa jibu?"

"Anaitafuna kila siku. Nikilipata hilo jibu, nitamwambia nini?"

Nimeripoti mafuriko na mauaji bila kusita kuuliza. Leo nimeshika simu mara tatu kabla ya kupiga.

Nimempigia mama yangu, aliyeko kijijini Songambele. Nimemuuliza anapulizia mibuni yake dawa gani.

"Sijui jina, ni ya chupa tu. Lakini inaua kweli kweli!" Akacheka, huku anatafuna kahawa yake.