Vitunguu Saumu Upande Wangu

Somo yangu Zuhura,

Juzi nilishuka kwenye lile tuta letu la mbao nyuma ya jengo, na nia niliyoshuka nayo haikuwa nzuri. Nilikwenda kulisafisha ili nilikabidhi. Tangu ulipotutoka nilikuwa nimeshamwambia meneja wa jengo ampe mtu mwingine. Bila wewe, mimi na bustani wapi na wapi?

Baridi ya Minnesota bado haijaaga. Theluji imebaki kidogo kivulini, mbao zimefura kwa maji na ubao mmoja umeachia misumari. Kamba tuliyofunga katikati, kwako huku na kwangu kule, bado ipo ila imelegea. Nikaanza kuondoa majani makavu uliyofunikia udongo kabla hujalazwa. Upande wako, udongo mtupu. Upande wangu, somo, vimechomoza vijani vinene, vimesimama safu kwa safu. Nikakata kimoja nikanusa. Kitunguu saumu.

Mimi sikupanda saumu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Ulijua unaumwa, ukapanda kitu cha kungojwa mpaka kiangazi, tena ukakipanda kwangu. Kila mwaka nilikulalamikia kwamba kunde zako zinavuka kamba, na jibu lako lilikuwa lile lile: "Usini-stress, somo. Mipaka ni ya serikali."

Nikaenda ofisini nikamwambia meneja tuta halitoki. Akasema kuna watu wanangoja. Nikamwambia wangoje tu.

Unajua kinachoniuma? Jengo zima walituita kwa ghorofa zetu, Zuhura wa Juu na Zuhura wa Chini. Sasa mimi ni Zuhura tu, maana hakuna wa kutofautishwa naye. Kwenye hitima yako maalim alipotaja marehemu Zuhura, nilishtuka nikataka kuitika. Jina hili ni kubwa kwa mtu mmoja, somo. Sijalizoea.

Jana nimepigilia ule ubao na kuongeza mboji. Na kwa kuwa kwangu hakuna nafasi, nimepanda spinachi kwako. Najua ulisema haina ladha, lakini haiogopi baridi, na ugomvi huu umeuanza mwenyewe. Salma wako alikuja kunishikia mbao. Akaniuliza, "Auntie, side ya Mama ni gani?" Nikamwambia kote.

Vitunguu vikikomaa tutaving'oa pamoja naye, nimfundishe ile pilau yako, maana saa hizi anakula mikate ya dukani. Na kamba nitaikaza kila masika, nakuahidi. Sharti uwe na mpaka wa kuuvuka.

Nakuombea Mungu akupanulie kaburi lako, somo. Nusu haijawahi kukutosha.

Mimi wako,
Zuhura wa Juu