Riwaya za Picha Zinakwenda Stoo

Alhamisi, saa kumi alasiri. Joto la Korogwe leo halina huruma, na wingu lililokaa upande wa Lutindi tangu asubuhi halijaangusha hata tone. Nimechoka. Wala si kwa kazi, maana kutwa nzima nimeshinda kwenye kikao.

Kamati ya maktaba ya chuo chetu cha ualimu imeamua riwaya za picha zitoke rafuni. Jumatatu zinabebwa kwenda stoo. Mimi ndiye mkutubi, na sikusema neno.

Ni rafu moja tu, ile ya dirishani. Wenzangu wanaziita katuni, na wakilitamka neno hilo utadhani wanazungumzia pipi. Chuo ni mahali pa vitabu vya maana, wanasema, na vitabu vya stashahada havina pa kukaa. Hilo la nafasi ni kweli, silibishi.

Lakini nimeona rafu ile inavyofanya kazi. Zaituni, mwanachuo wetu kutoka Kwamsisi, alikwenda na riwaya mbili kwenye mazoezi ya kufundisha huko kwao Handeni. Alipewa kidato cha kwanza, watoto wanaoongea Kizigua nyumbani na kunyamaza darasani. Akawawekea ukurasa mmoja usio na maneno, akauliza mama huyu pichani anaficha nini. Kipindi kizima walibishana, halafu wakaandika. Aliniletea madaftari yao niyaone. Mtoto aliyekuwa haandiki mistari mitatu alikuwa amejaza kurasa mbili.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani leo. Yakabaki humo humo.

Aliyeimaliza hoja ni Mzee Nyoni, mkufunzi wetu wa Kiswahili, mtu ninayemheshimu kuliko wote pale. Alishika riwaya moja inayohusu manamba, wale vibarua walioletwa kukata mkonge kwenye mashamba ya huku. Babu yake mwenyewe alitoka Songea kwa kazi hiyo. Nilidhani ataipenda.

"Wanangu, nimeisoma yote, nisije nikahukumu nisichokijua," alisema kwa upole. "Mtu anakufa. Halafu mkewe anampikia uji. Halafu wanampeleka hospitali. Sasa mwalimu tunayemwandaa atafundisha nini hapo?"

Watu wakacheka. Kura ikapita.

Ukurasa ule naujua. Una visanduku sita vya picha, viwili viwili kwenda chini. Mgonjwa anaanguka, mkewe anapika uji. Anakunywa, wanambeba hospitali. Anafariki, wanamzika. Unasoma kwenda kulia, mstari kwa mstari. Mzee wangu alishuka na upande wa kushoto mpaka chini, ndipo akapanda kuanza wa kulia, kama mtu asomaye safu za gazeti. Kitabu kizima amekisoma hivyo. Ameikosa habari ya babu yake mwenyewe, na hajui kama ameikosa.

Ningemwambiaje mbele ya watu? Mtu amefundisha kusoma tangu sijazaliwa, leo mimi nimwambie hajui kusoma? Nilijiambia nanyamaza kwa adabu. Nimekaa hapa saa nzima nikijitetea kwa neno hilo, na kila nikilirudia linazidi kunikera.

Maana haikuwa adabu.

Vitabu vile vilipofika, nami nilisoma hivyo hivyo. Siku tatu nilishuka na visanduku, nikaona hadithi haina kichwa wala miguu, na nikataka kuandika barua tusivipokee tena. Zaituni ndiye aliyenikuta. Aliinama juu ya meza yangu, akasema taratibu, "Samahani madam, inasomwa hivi," akaniongoza kwa kidole. Nami nikamwambia najua, nilikuwa namjaribu tu.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Leo nalisema hapa mtandaoni, kwa watu nisiowajua, kwa kuwa hawatanicheka usoni.

Kwa hiyo nilichokuwa nakilinda kwenye kikao si heshima ya mzee. Ningeweza kuinua mkono na kusema, "Hata mimi." Maneno mawili, basi. Tungecheka pamoja, angekifungua tena kitabu, na pengine rafu ingebaki. Ilikuwa inatakiwa mimi nionekane mjinga kwa dakika moja, na dakika hiyo nikaona ni ghali. Zaituni atarudi Handeni mwezi ujao mikono mitupu, kwa sababu mkutubi wake hakutaka kuchekwa.

Nimechoka na mtu huyu niliye.

Kesho Ijumaa Mzee Nyoni ana kipindi saa mbili. Nitawahi ofisini kwake kabla ya hapo, na ile riwaya ya manamba mkononi. Nitaanza na shikamoo, hiyo hainishindi. Ni yale maneno mawili yanayofuata ndiyo nayaogopa.