Kuku Uliowachinja kwa Neno Langu

Kipsongo, Kitale

Kwa mdogo wangu Nafula,

Mulembe, mtoto wa mama. Kifua kimepoa, ama bado unakohoa asubuhi? Na mguu wa baba mkwe wako? Sisi huku tuko, mvua inatunyeshea mpaka ndani, lakini leo si siku yangu ya kulalamika. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu hushiki, na sikulaumu. Barua anakuletea Mama Simiyu wa kwaya, anakuja matanga huko kwenu. Tafadhali usimrudishe nayo.

Krismasi, binti yangu Naliaka alipotoka kwako kunitembelea, aliniwekea kwa simu zile kurasa anazosomea huko chuo cha Kibabii, mahali watafiti wanaandika serikali imeweka sheria gani, na hiyo sheria imemfanyia nini mtu wa biashara. Akanionyesha pa kufinya ndio Kiingereza kigeuke Kiswahili. "Mama, usiwe unashtukia mambo yakishakufikia," akaniambia. Basi mimi wa darasa la nne nikawa msomi! Hotelini ninakoosha sufuria wakaanza kuniita wakili. Mama wa maziwa anakuja, "Wakili, hii leseni inasemaje?" Nafungua simu, nakunja uso, nasoma. Nafula, niliipenda hiyo heshima. Niliipenda sana.

Ndio siku moja nikaona imeandikwa, kuku na mayai ya kutoka Uganda ni marufuku, askari wanakamata. Nikawaona kuku wako wa kutaga, wale uliwabeba kutoka Lwakhakha, huko mpakani, wakiwa vifaranga, ukawalea mpaka hoteli za wanafunzi zikawa hazitaki mayai ya mtu mwingine. Sikumaliza kusoma. Nikakurekodia sauti: "Nafula, ondoa hao kuku leo leo, usiniulize." Na wewe hukuniuliza. Tangu mama atuache, nikisema mimi ni kama amesema yeye. Hapo ndipo panapouma.

Naliaka amenisimulia ilivyokuwa. Ati kwa vile wazee wa yule kijana anayemposa binti yako Nekesa walikuwa wanakuja kuongea mambo ya mahari, ukaona heri kuku waliwe na wakwe kuliko wabebwe na askari. Ukawachinja wote, hata yule mwekundu aliyekuwa anakufuata jikoni. Ati kila mzee alipata firigisi yake mwenyewe, ile hupewa mgeni mmoja tu wa heshima, jambo ambalo hapo kijijini halijaonekana. Mmoja akashika tumbo akasema, "Huyu mama ni tajiri wa wapi, bana?" Ukacheka pamoja nao. Halafu ukaenda nyuma ya nyumba, ukakaa huko mpaka wakaanza kukuulizia.

Juzi Naliaka alinipigia. "Mama, hiyo sheria uliisoma wapi?" Nikamtumia ule ukurasa. Akausoma.

"Mama, hii ni amri ya zamani. Ilishaondolewa. Si uteremshe chini uone."

Nikateremsha. Huko chini ndiko kulikuwa na utafiti wenyewe: vile hiyo amri iliwaumiza akina mama wa mayai, vile wengine walimaliza kuku wao kwa hofu tu, kabla askari yeyote hajafika mlangoni. Walikuwa wamekuandika wewe, Nafula, kabla hayajakupata. Na mimi nilisoma kichwa tu, nikakimbilia kuamuru.

"Serikali ilikuwa imemwachia mama mdogo kuku wake," Naliaka akasema. "Ni wewe umewamaliza." Alikuwa anatania, alifikiri nitacheka. Nikakata simu, nikachukua sufuria iliyokuwa safi nikaiosha tena.

Kusoma kidogo si kosa, hata Mungu anajua tulitolewa shule kwa nini. Lakini kukuuliza kungenigharimu nini? Wewe ndiye unafika Lwakhakha, unaongea na watu wa mpakani. Mimi niko Kitale na simu, nakuambia usiniulize! Na ni wewe unayemlaza mtoto wangu na kumlisha. Mayai ya hao kuku ndiyo alikuwa anakunywa nayo chai kila asubuhi.

Nimeweka kuku wawili wa kienyeji, wanaatamia chini ya kitanda changu. Vifaranga wakipata nguvu nitakuja nao mwenyewe. Hawatakuwa kama wako, najua. Ukitaka unifungulie mlango, ukitaka upokee kikapu tu, nirudi.

Msalimie shemeji. Msalimie baba mkwe wako wa mguu, na Nekesa wetu anayeolewa, mwambie asithubutu kurudi nyumbani kwa kununa, ametumaliza kuku. Naliaka asinifutie zile kurasa kwa simu. Nitasoma, lakini mpaka chini.

Na siku utakaposhika simu, sitakuambia la kufanya. Nitakuuliza, "Nafula, huko mnasikia nini?" Kisha nitanyamaza, uongee wewe.

Ni mimi dada yako, kama bado unaniita hivyo,
Nasimiyu