Aliyeniita Kutoka Kwenye Matete

Euless, Texas

Dada Saumu,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Kifua cha mama kimepungua? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitia adabu. Dada, wiki ya tatu hii sijaisikia sauti ya baba. Nikipiga simu, mnasema anaumwa, mara amelala, mara yuko msalani. Ugonjwa gani huo usiompa nafasi ya kusema hata neno moja na mwanawe? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatisha.

Bi Ruth, mzee ninayemtunza, ana wazimu wa ndege. Kila Jumanne asubuhi lazima nimpeleke ziwani, darubini shingoni, tukatazame bata. Watu wazima wanawakodolea macho bata na hawamchinji hata mmoja! Huwa nacheka. Juzi sikucheka. Ukungu ulifunika maji, na miti iliyokufa imesimama humo ziwani bila jani. Hakukuwa na sauti yoyote. Tulikuwa kwenye daraja la mbao, katikati ya matete, nikaitwa.

"Kheriii!"

Nyote mnaniita Mwana. Baba peke yake ndiye huniita Kheri, na huvuta mwishoni vilevile. Nikaitika, "Labeka, baba!" Nyanya alitukanya tangu wadogo tusiitikie sauti ambayo mwenyewe hatumwoni, huenda anayeita ni marehemu, nami nilisahau kabisa.

Bi Ruth akanishika mkono. "Ni ndege mdogo wa kwenye matete. Husikika tu, haonekani."

Hajamaliza, ndege akatoka. Wa kahawia, mdomo wa manjano. Akapanda kwenye mbao, akasimama mbele ya viatu vyangu, akanitazama. Kisha akarudi zake taratibu, kama mtu aliyekwisha kufikisha ujumbe. Bi Ruth alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Mimi nilimwomba turudi nyumbani.

Zuhura wa Mombasa, ninayekaa naye, alinicheka. "Wewe nawe! Usi-panic bwana, ni bird tu." Kisha akauliza, "Lakini Mwana, kwani uliitika?"

Tangu siku hiyo hataki kulala bila taa.

Dada, najua desturi yetu. Aliye mbali hufichwa, asije akalia peke yake ugenini. Lakini mimi nalia tayari, na naogopa.

Msalimie mama, shemeji yangu fundi cherehani, na shangazi wa Wete. Baba sikumwandikia salamu, maana sijui umpelekee kitandani au kaburini. Niambie wewe, dada, nisiambiwe na ndege.

Mdogo wako,
Mwanakheri