Mzunguko wa Nne

Nekesa, mama,

Barua hii naiandika mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Herufi zangu unazijua, zinakwenda kama ng'ombe waliotoroka, lakini utasoma. Nakuita mama kama siku zote kwa sababu ulibeba jina la mama yangu. Sitaanza leo kukuita marehemu.

Bado ni mlinzi hapa Riyadh, jengo lilelile la Murabba. Ulipopelekwa nyumbani kwenye sanduku, kafili, yule mwajiri aliyenidhamini, alikuwa safarini na pasipoti yangu iko kwake. Ukazikwa mimi nimekaa getini. Wakanionyesha kaburi kwa simu. Ati simu.

Unajua mimi nilikuwa nani. Wilaya nzima hakuna mwanamume aliyerusha nyundo michezoni kama mimi. Hata nyundo yako ya kwanza niliitengeneza kwa mikono hii: tufe la chuma, waya, mshikio wa bomba. Nikakufundisha mizunguko mitatu, halafu unaachia. Kama mitatu ilinitosha mimi, nani mwingine isimtoshe? Mpaka siku ile tukamwona yule mwanamke wa Kichina kwenye televisheni ya dukani, mpana wa mabega, mpole wa uso. Akazunguka, akazunguka, nyundo ikaenda kama imeitwa. Ukanishika mkono: "Baba, amezunguka mara nne." Nikakuambia umehesabu vibaya.

Nilikuwa nimehesabu pia, mama. Ilikuwa minne.

Nilipokuja huku ulinipigia kunieleza habari za yule Mchina, ameshinda wapi, ameshindwa wapi, mwaka huu goti linamsumbua. Kisha ukasema kuna mwalimu mjini anafundisha minne. Nikasema aliyefundishwa na mimi hafundishwi tena na mtu. Ukabisha. Nikasema basi weka nyundo chini, uje huku ufanye kazi kama wenzako. Ni mimi niliyekutafutia ile nyumba ya Jeddah, kule Aziziya. Nilijua utakaa wiki moja uombe radhi. Ulisema tu, "Sawa, baba."

Miaka miwili, kila nikipiga, kazi iko sawa, madam yuko sawa, halas, yatosha, baba, nilale. Nyundo hukuitaja. Nikadhani nimeshinda. Halafu homa, wiki moja tu.

Mwezi uliopita nilipewa ruhusa, nikapanda basi kutwa nzima kwenda kuchukua begi lako. Madam alinipa chai akalia, sikutegemea. Rehema, yule wa Mombasa uliyefanya naye kazi, akanipandisha juu ya paa mlikoanika nguo. Akanionyesha dumu la mafuta ya kupikia, limejazwa mchanga, limefungwa kamba. "Mzee, kila Ijumaa wenye nyumba wakitoka, alikuwa akizunguka nalo hapa. Namwambia utanivunja mbavu wewe, anacheka. Hakuliachia hata siku moja."

Kwenye vigae kulikuwa na vidoa vyeusi vya raba. Rehema anasema ameshavisugua kwa kila sabuni, havitoki. Kwake ni uchafu. Mimi niliona kisigino cha kushoto, pale kinapogeukia kila mzunguko. Nikapiga magoti. Moja, mbili, tatu. Nikaanza upya, nikitaka viwe vitatu.

Kuna cha nne. Kimekaa mstari mmoja na vingine, hakijayumba hata kidogo. Changu cha nne, enzi zangu nilipojaribu kwa siri, hakikukaa hivyo. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Nilikufunga kwa sababu ya mzunguko mmoja, mama. Mmoja, nisiouweza.

Nimemwomba Rehema asivisugue tena.

Mkataba ukiisha narudi. Nitamwaga sementi nyuma ya zizi, duara la kweli, na nikimaliza nitazunguka mara nne mbele ya watu. Nikianguka, wacheke. Nasikia mdogo wako Nafula ameanza kuiburuta nyundo yako uani. Nitamfundisha minne. Akiuliza nani aliyeileta kwetu, nitamwambia, "Ni dada yako." Nitajitahidi nisijitaje.

Kaa na bibi yako hapo. Udongo wangu bado sijautia kaburini mwako. Niwekee nafasi, nitakuja nao.

Baba yako