Hadithi ya Msichana wa Tooting

Wembley, London, 1998

Dadangu mpenzi Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo dada yangu, na hiyo miguu inaendeleaje? Nimeambiwa uvimbe umekurudia tangu mvua zianze. Usikaidi, kaa kitako, waache wake za wanao wapike. Sisi huku miili mizima. Mengine utayasoma humu, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako chumbani, asikusomee mtu.

Eda nimetoka Ijumaa iliyopita. Nikaoga, nikavaa nguo ya rangi, kisha nikakaa kitandani nikalia upya kabisa, maana ndipo iliponijia kuwa muda wote ule nilikuwa nikimngoja marehemu mume wangu arudi kutoka kazini. Ahsanteni kwa khitma mliyomsomea. Huku nako watu walijitahidi. Yule tajiri yake wa dukani Kenton, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alikuja na gunia la mchele. Akasimama nje ya mlango kwa kuwa alijua mie kizuka sionani na wanaume, akanipa pole kwa Kiswahili huku analia hukohuko nje. Alisema dukani hana tena mtu wa kucheka naye.

Lakini London si Unguja, dada. Mfiwa huku anapewa wiki mbili, basi. Baada ya hapo kila mtu na kazi yake, huyu anahudumia wazee, huyu anasafisha maofisi, nikabaki na Bi Shawana, jirani yangu, akija kila Jumapili. Siku nyingine ni mie na Rahma ndani ya fleti, na sisi wawili tulikuwa hatuna la kusema. Unajua mtoto huyu kazaliwa huku. Mie nasema Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na katikati alikuwepo baba yake. Ndiye aliyekuwa akinifahamisha mie na kumfahamisha yeye, na akitia chumvi ili tucheke sote watatu. Alipoondoka, tukabaki kuulizana habari za chai tu.

Ndipo ikaja barua yako. Ile barua niliibusu. Ulisema mwanao Suleiman yuko tayari, na kwamba maneno mliyoagana wewe na marehemu wakati Rahma alipokuwa mchanga yangali palepale, na kwamba nikitoka eda nije naye tufunge nikaha bila ngoma kwa heshima ya msiba. Na chumba cha juu umekipaka rangi kwa ajili yangu mie. Nililia kwa furaha, furaha ya kwanza tangu mazishi. Nilimwita Rahma nikamsomea yote, nikamuuliza, mwanangu, unasemaje? Akainamisha kichwa, akanyamaza. Basi mie nikamshukuru Mungu. Kwani wewe na mie tuliulizwa vipi na marehemu mama? Si tulinyamaza, na vigelegele vikapigwa? Mwari akinyamaza ameridhika, ndivyo tulivyokuzwa. Sikumuuliza tena.

Sasa nikueleze habari za vitabu, maana ndimo yalimotokea yote. Rahma anasoma skuli riwaya za Kiingereza za kale, za miaka kama mia mbili nyuma, wakati wanawake wao wakivaa magauni ya kuburura na kwenda kwa magari ya farasi. Waingereza hawazichoki. Wanazitia kwenye televisheni, wanazichapa upya, na wapo watu mpaka leo wanatunga mpya kwa kufuatisha zile. Siku moja baada ya Alasiri nikamwona anacheka peke yake na kitabu chake. Moyo ukanichemka, nyumba ina msiba, huyu anacheka nini? Nikamwambia basi nihadithie na mie, nikione hicho kichekesho. Alitaabika, nusu ya maneno anayasema kwa mikono, lakini akahadithia. Kesho yake tena. Ikawa ndiyo ada yetu, akirudi skuli ananikuta nimeshatia chai nimekaa mkao wa kusikiliza.

Wallahi dada, wale si Waingereza, wale watu wa Mkunazini kwetu Unguja. Msichana hatoki peke yake. Kijana akija kuzuru anakaa kama kameza mti, mama anamimina chai huku anamkisia ana kitu gani na kwao ni watu gani. Kwenye ngoma zao ndiko wanakoonana na kuchaguana, kama sisi kwenye harusi, na mashangazi wamekaa pembeni wanatia ila. Yupo bibi mmoja anayejua kila nyumba imelalia nini. Nikamwambia Rahma huyu namjua, kabadilisha jina tu. Bi Shawana akasikia Jumapili moja, ya pili akaja mapema, hata mboga zake hajazipeleka nyumbani. Nilicheka, dada. Nikajilaumu, kisha nikacheka tena. Nikamuuliza Rahma kwa nini vijana wa leo, wenye kwenda watakako, bado wanavipenda vitabu hivi. Akafikiri, akajibu kwa Kiingereza, Bi Shawana akanifasiria: kwa sababu inafika pahala msichana anaulizwa, na wakubwa wote hawana budi kungoja jibu lake. Nikaona amejibu vizuri, nikaongeza chai.

Eda ilipokuwa ukingoni akasema leo ana kipya, kimetungwa juzijuzi tu kwa kufuatisha vile vya kale. Binti wa Kihindi, kwao Tooting hapahapa London, baba ana duka la vitambaa. Mama yake ana ndugu yake Nairobi mwenye mtoto wa kiume, na wazee wameshaagana tangu watoto wadogo. Kijana mwema, hana ila. Ila binti hamtaki, na amepata nafasi ya chuo kikuu. Walimuuliza mara moja, ulimi ukamfa, wakachukulia amekubali, wakaanza kununua nguo. Utasema mbona sikushtuka. Vile vitabu vyote vina binamu walioahidiwa kuoana, mie niliona ni mambo yaleyale. Nikawaka. Nikasema mama wa binti huyo ni mama gani, hata hamtazami mwanawe usoni? Nikasema ningekuwa mie, barua ya Nairobi ya kukataa ningeiandika siku hiyohiyo. Bi Shawana akayashusha macho kwenye kikombe, hakunitazama. Mie nipo tu, nawahukumu Wahindi wa Tooting.

Nikamuuliza hadithi inaishaje. Rahma akakifunga kitabu chake cha skuli kilichokuwa mapajani mwake, akasema kwa Kiswahili, kila neno analitafuta:

"Sijui, Mama. Hakuna kitabu. Yule ni mimi."

Bi Shawana akainuka, akajitanda buibui lake, akatoka bila kuaga. Nikamuuliza Rahma kwa nini hakusema siku ile nilipomsomea barua. Akasema alikuwa na maneno kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili hajui namna ya kukataa isiyokuwa matusi. Na aliyekuwa akimpelekea maneno yake kwangu amekufa, na huyohuyo ndiye aliyetoa ahadi. Akaona akikataa anamkataa baba yake kaburini. Nilimpakata, dada, mtu mzima yule, tukalia mpaka ikaadhiniwa Magharibi kwenye saa ya ukutani.

Sitaki nikudanganye kuwa nilikubali palepale. Kesho yake nilikasirika. Nikamtolea picha za Suleiman, nikamwambia mwanamme huyu atakuweka kama yai, nikamwambia baba yako aliondoka roho yake imetua juu ya jambo hili. Nikamhadithia nyumba, chumba kilichopakwa rangi, mama yake mkubwa anavyomngoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Mama, unataka mimi niende, au unataka wewe urudi?"

Nilitaka kurudi mie, dada. Ndiyo kweli yenyewe. Nimechoka na nchi hii, nimechoka kuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole pahala pa kutia sahihi. Nilitaka kukaa na wewe juu ya roshani tuzeeke tunagombana juu ya nazi. Marehemu hayupo, nauli ya kunirudisha nyumbani ikawa ni Rahma, nami nilikuwa tayari kuilipa.

Basi jibu langu ni hapana. Naiandika kwa mkono wangu, asije akasema mtu kuwa ni utoto wa Rahma. Mie ndiye mama yake, nimemuuliza, amenijibu, na mie nimekataa. Najua nimekuvunjia uso mbele ya watu uliokwisha kuwaambia. Najua wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, na hujaniomba kitu maisha yako yote isipokuwa hiki. Suleiman mwambie taratibu, mwambie hana alilokosa. Kile chumba mpe mtu mwingine, kisikae bure. Mie nabaki Wembley. Rahma atakwenda chuo kikuu mji mwingine mwaka huu, na mie Bi Shawana atanipeleka kwa wale wazee anaowahudumia, labda watanipa kazi.

Kama umekasirika, niandikie na hasira zako hivyohivyo, nitazipokea.

Nisalimie shemeji, na wake za wanao wote wawili, na bibi mshonaji wa uwani aliyenishonea nguo ya harusi yangu. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemwombea marehemu mpe mkono wangu. Suleiman msalimie pia, akikubali salamu zangu.

Ni mie mdogo wako,
Mama Rahma.

Mama mkubwa, shikamoo. Mimi ni Rahma. Mama amesema na mimi niandike mwenyewe. Kaka Suleiman ni mtu mzuri lakini mimi sitaki kuolewa na yeye. Naomba radhi kwako na naomba radhi kwa Baba. Mama amelia sana akiandika hii barua. Tafadhali mjibu haraka. Mimi nikienda chuo yeye hatakuwa na mtu wa kusema na yeye ndani ya nyumba.