Tofali la Babu Kuang Fuqi

Nanjing, tarehe 9 Machi

Dada Peizhen mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Harbin, na goti lako limetulia. Sisi tunapumua. Baba bado anadai bata wake wa chumvi, ila nyongo inanipanda kila nikimwona huyu mdogo wetu Desheng.

Siku hizi eti anatembeza wageni. Juzi nimemsikia akiwaambia kwamba ukuta wetu wa mji wa kale ni mraba. Mraba! Ukuta unaopinda kufuata vilima na Ziwa Xuanwu, hata mtoto wa chekechea anajua. Nilipomsahihisha akanijibu ninyamaze, mchanganya chokaa mie, wageni hawakuja na rula. Mjinga mkubwa.

Unajua Baba anavyohangaika. Matofali ya ukuta yana majina ya walioyafyatua, ili tofali likipasuka mwenyewe akamatwe. Tangu astaafu anazunguka na brashi na kopo la maji, akisugua, akilitafuta jina la babu yetu wa kale Kuang Fuqi, aliyefyatua matofali hayo miaka mia sita iliyopita. Kisha daktari akasema moyo wake hautamaliza mwaka, na Baba akataka aliguse jina hilo kabla hajafa.

Basi mwezi uliopita Desheng kaja mbio, kalipata karibu na Lango la Zhonghua. Baba akapiga magoti, akalia kwa sauti, akasema huyu ndiye mwana. Mimi nilitazama mara moja tu. Jina la kweli hupigwa kwenye udongo mbichi kabla ya kuchomwa, kingo zake laini. Hili limechongwa kwa patasi juzi juzi, linakwaruza kidole. Ptuu! Hata kudanganya hajui.

Baba akanigeukia, akaniuliza mimi niliye fundi wa ukuta kama ni lenyewe. Nikasema ndiyo, Baba, ni lenyewe.

Usinisifu, Dada. La kweli nililishika mimi miaka sita iliyopita, tulipojenga upya kipande cha ukuta kando ya ziwa. Kuang Fuqi, herufi wazi kabisa. Jana yake Baba alikuwa amenitukana mbele ya mafundi wenzangu, kwamba mikono yangu haifai hata kujenga banda la kuku. Nikalipaka chokaa, nikaliweka jina likitazama ndani. Nikajisemea, atafute mpaka achoke. Leo lina mistari arobaini ya matofali juu yake, na hakuna atakayeniruhusu kubomoa.

Kila asubuhi Baba anamwaga chai kumtambikia babu mbele ya uongo ule, na ninayemshika mkono asianguke ni mimi. Desheng ni mpumbavu, lakini yeye alitaka Baba afurahi.

Msalimie shemeji, na wabusu watoto. Baba asijue.

Ni mimi mdogo wako,
Kuang Rui